Bampa la Pili Lilikuwa Jepesi

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana waliokuwa wakimaliza mafunzo ya uchomeleaji hapa Mtwara, pamoja na mafundi wenzangu wa mtaani waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale niliporudiarudia.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu wa viti vya mbele, shikamooni. Vijana nawaona, mmevaa ovaroli safi kuliko yangu, na hilo nitawasamehe kwa leo tu.

Nimeombwa nizungumzie bampa la nyuma la pikapu, la chuma, la kutengeneza wenyewe. Mwalimu wenu alitaka nianze na vipimo. Mimi nitaanza na aibu yangu, kwa sababu vipimo vyote nitakavyovitaja nilivijua baada ya aibu hiyo.

Bampa langu la kwanza nililitengenezea gari langu mwenyewe, Hilux kuukuu niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akibebea samaki. La kiwandani lilikuwa limeoza mpaka ukilishika linabaki mkononi. Nikaingia kwenye chuma chakavu nikatoka na pleti ya milimita 6. Kwa nini 6? Kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na kwa sababu nilikuwa kijana. Juu yake nikaweka bomba la inchi 3, ncha zote mbili nikaziziba, halafu lote kwa pamoja nikalichomelea moja kwa moja kwenye mikia ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote. Boliti hata moja sikuweka. Mtu akiniuliza namjibu, boliti hulegea, mshono haulegei. Watu wa kijiweni walikuja kulipiga mateke, wakaumia vidole, wakasifu.

Jioni moja nilikuwa Shangani, narudi nyuma kugeuza gari, nikaukuta mnazi. Si kwa mwendo mkubwa, mwendo wa mtu anayetembea. Dii! Nikashuka na tochi. Mnazi umechubuka ganda kidogo. Bampa limetoka rangi tu, mahali pa ukubwa wa sarafu. Nikalipapasa, nikacheka mwenyewe, na kesho yake kijiwe kizima kilikuwa na habari kwamba bampa la fundi limeushinda mnazi.

Siku ya tatu mlango wa nyuma wa bodi ukakataa kufunga. Nikadhani ni bawaba. Nikatia grisi, nikagonga, wapi. Mwishowe nikachukua futikamba, nikapima chesisi kwa mshazari, kona kwa kona, kushoto kwenda kulia na kulia kwenda kushoto. Vipimo viwili hivyo vilipaswa kulingana. Havikulingana. Mkia wa kushoto ulikuwa umeingia ndani na kupanda juu kidogo. Nikalala chini ya gari na brashi ya waya. Pembeni kabisa ya mshono wangu, ule niliokuwa nikijisifia, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, tayari una mstari wa kutu.

Mnazi haukuumia. Bampa halikuumia. Iliyoumia ni chesisi, yaani gari lenyewe.

Wanangu, kishindo cha kugonga ni kama maji ya mvua uwanjani. Ukiyaziba kwako yanatokea kwa jirani. Bampa likikataa kabisa kukunja, kishindo chote kinapita kwenda kwa yule aliyelishikilia. Na mimi nilikuwa nimemshikisha chesisi kwa moto, pale pale ambapo moto wenyewe umekwisha kubadilisha chuma. Pembeni ya mshono ndipo nyufa hupenda kuanzia, hasa kwenye gari linalotikiswa kila siku na barabara yenye mikunjo kama bati la nyumba. Tangu siku ile, kabla sijawasha mashine, najiuliza swali moja: kishindo kikija, kitakwenda wapi?

Nani ana daftari? Nichanie karatasi moja. Ahsante.

Naishika hapa kwenye ukingo, kwa vidole viwili. Mnaona? Imeanguka kama sikio la mbuzi. Sasa naikunja ukingo, sentimita 2 tu, kwenda juu. Naishika tena pale pale. Imesimama. Naweza kuiwekea kalamu juu yake. Je, imekuwa nene? Haijaongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni umbo.

Ndivyo ilivyo kwa pleti. Ukizidisha unene mara 2, ugumu wake wa kukataa kupinda unapanda mara 8, ni kweli, na uzito unapanda mara 2. Lakini mkunjo wa sentimita 6 juu na mwingine chini unakupa ugumu mwingi kuliko huo, na unalipa kwa chuma kidogo tu. Fundi anayekimbilia unene ana uvivu wa kukunja. Nasema hivyo nikijinyooshea kidole mwenyewe.

Uzito nao tuuhesabu, tusiukisie. Chuma ni kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo. Maana yake pleti ya milimita 1, yenye ukubwa wa mita kwa mita, ni kilo 7.85. Kariri hiyo namba, itakusaidia hata kwenye mageti. Pleti ya milimita 4 ni kilo 31 na kidogo kwa mita ya mraba, ya milimita 6 ni kilo 47. Bampa langu la kwanza, kwa kukunjua uso wake wote, lilikuwa mita 1.7 kwa nusu mita. Pleti peke yake kilo 40. Weka bomba la inchi 3, weka na vipande vya kuimarisha nilivyovibandika kila mahali kwa furaha, tunafika karibu kilo 60.

Na kilo hizo hazikai katikati ya gari. Zinaning'inia nyuma ya ekseli. Tuseme kutoka ekseli ya nyuma hadi bampa ni mita 1.2, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 3. Zidisha 60 kwa 1.2, gawa kwa 3, unapata 24. Kilo 24 zimeondolewa kwenye matairi ya mbele, yale yanayokata kona, na zikaongezwa nyuma juu ya zile 60 zenyewe. Springi za nyuma zinabeba 84. Ni kama umempakia mtu mzima kwenye mlango wa bodi, umembeba mwaka mzima bila nauli. Halafu msimu wa korosho unaanza, unapakia magunia, unashangaa mbona usukani umekuwa mwepesi.

Bampa la pili nilitumia pleti ya milimita 4, nikalikunja vizuri, nikapunguza kimo chake pembeni. Nililipima pamoja na mikono yake kwenye mzani wa kupimia korosho (wa nani, msiniulize) likasoma kilo 30. Nusu ya la kwanza.

Sasa kazi yenyewe.

Usianze na chuma, anza na boksi. Nenda dukani uombe maboksi makubwa, ya friji au ya televisheni, ukate bampa zima la karatasi ngumu, ulikunje, ulibandike kwenye gari kwa gundi ya karatasi. Boksi haliumi mtu, na likikosewa linatupwa. Likiwa pale, fanya mambo ambayo mimi sikuyafanya. Fungua mlango wa nyuma wa bodi mpaka mwisho wake, uone kama unagusa. Ingia chini utazame bomba la moshi linatokea wapi. Acha nafasi ya sentimita 2 na nusu hivi kati ya bampa na bodi, kwa sababu kwenye mashimo bodi na chesisi hazichezi ngoma moja. Bodi inakwenda huku, chesisi kule, na usipoacha nafasi vitasuguana mpaka vitoboane.

Kisha tafuta tairi la akiba. Kwenye pikapu nyingi liko chini ya bodi, linashushwa kwa fimbo ndefu inayoingia kwenye tundu nyuma ya gari. Bampa langu la kwanza lililiziba tundu hilo kwa pleti ya milimita 6. Nililijua siku tairi lilipopasuka usiku, kati ya Nanyamba na Tandahimba, nina tairi zima chini ya tumbo la gari na sina njia ya kulifikia. Nililala kwenye gari. Asubuhi ndugu mmoja wa kijiji cha jirani alinisaidia kwa msumeno wa chuma na uvumilivu, tukaukata mnyororo wa tairi kwa chini. Tangu hapo, tundu la fimbo ndilo la kwanza kuchora.

Jambo jingine la kupima kwenye boksi ni kimo kutoka ardhini. Chora mstari kutoka tairi la nyuma linapogusa ardhi mpaka ukingo wa chini wa bampa. Ukingo ukiwa juu sentimita 60, na umbali wa kwenda nyuma ni mita 1.1, pembe hiyo ni kama nyuzi 29. Shusha bampa kwa sentimita 15 tu, pembe inabaki nyuzi 22. Kwenye lami haikuhusu. Lakini panda kutoka kwenye korongo baada ya mvua ya Machi, mbele kumeshapanda na nyuma bado kuko bondeni, nyuzi hizo 7 ndizo zitakazolima udongo. Kwa hiyo mimi pembeni, nyuma ya matairi, nalipandisha bampa kwa mshazari, na katikati naliacha chini. Kwa nini nisilipandishe lote? Hilo nitalisemea baadaye, kuna mtu ataliuliza.

Boksi likikubali, lilaze juu ya pleti, chora kwa chaki iliyochongwa. Dukani mara nyingi watakuuzia pleti nzima, futi 8 kwa 4. Ya milimita 4 ina kilo 93 na ushei, wewe unahitaji robo yake. Tafuta mwenzako anayetengeneza mlango wa chuma mgawane.

Kukunja. Wengi wetu hatuna mashine ya kukunjia, tuna grenda. Upande wa nje wa mkunjo, kata mfereji kwa diski nyembamba, usitoboe. Kwenye pleti ya 4, ingia milimita 2 na nusu, acha 1 na nusu. Bana pleti kwenye meza kwa klampu na kipande cha engo, yaani chuma cha pembe, kifuate mstari, kisha uvute taratibu kwa bomba refu. Mfereji utafunguka kama mdomo wa samaki. Ukifika kwenye pembe unayoitaka, simama. Usirudishe, usipeleke tena mbele. Chuma kilichokatwa hivyo ukikichezesha mara 3 kinakatika mkononi. Halafu ujaze mdomo ule kwa mshono, usage, na mpita njia atadhani umepeleka kazi Dar es Salaam.

Sasa nafika mahali ninapopapenda, na hapa mnivumilie kidogo. Mikono.

Mikono ni vile vipande viwili vinavyotoka kwenye chesisi kwenda kulishika bampa. Watu wanatumia siku 3 kwenye uso wa bampa na nusu saa kwenye mikono. Mimi nafanya kinyume chake. Mkono wangu ni pleti ya milimita 6, ndiyo, hapa 6 ina kazi, kimo chake sentimita 10, nimeisimamisha wima. Ikisimama wima inabeba uzito wa juu chini bila kutikisika, kama ubao uliosimamishwa kwa ubavu, ambao hata mtu mnene akiukanyaga haupindi. Lakini kwa upande wa kushoto na kulia, pleti hiyo hiyo ni nyembamba. Basi nyuma ya mkia wa chesisi, kabla haijafika kwenye bampa, naipa kiwiko kidogo, mkunjo wa sentimita 2 hivi kwenda pembeni. Mkono wenye kiwiko ukisukumwa kwa nguvu, unajua pa kukunja. Kishindo kikija, kiwiko kinakunja, chesisi inabaki imenyooka. Unafungua boliti, unatengeneza mkono mwingine, kazi ya nusu siku. Kunyoosha chesisi si kazi ya nusu siku. Mnaikumbuka karatasi? Ilikuwa na nguvu pale nilipoikunja kwa makusudi, na dhaifu pale nilipoiacha.

Mikono hiyo haichomelewi kwenye gari. Inafungwa kwa boliti, kwenye matundu ambayo kiwanda kimeyatoboa, yale yaliyoshika bampa la zamani, na matundu mengine ya ubavuni kama yapo. Mimi naweka boliti 3 kila upande, M12, yaani za unene wa milimita 12. Tazama kichwa cha boliti. Imeandikwa 8.8? Ile 8 ya kwanza inakwambia haikatiki mpaka ivutwe kwa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na ile ya pili inakwambia itaanza kunyooka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya hapo. Kichwa kikiwa kipara, hakina namba, hiyo boliti haijakuahidi kitu. Ifungie kitanda. Tumia nati ya kujishikilia, ile yenye plastiki ndani, na washa pana. Na kama chesisi ni ya boksi, yaani imezibwa pande zote 4, ingiza kipande cha bomba ndani yake ili boliti ipite humo. Usipofanya hivyo, kadiri unavyokaza unaibonyeza chesisi kama kopo, na kopo likishabonyea boliti inalegea, halafu unarudi kijiweni kusema boliti hulegea. Baada ya kilomita 100 za kwanza, rudia kukaza.

Kuvuta gari lililokwama ni habari nyingine. Msichomelee kamwe pete ya kuvutia kwenye uso wa bampa. Pete ile inauvuta uso kwa kuubandua, na mshono haupendi kubanduliwa. Ikikatika, inaruka na kamba kama jiwe la manati, na aliye kwenye mstari wa kamba hatasimulia. Kama gari lina ndoano ya kiwandani kwenye chesisi, toboa tundu kwenye bampa ndoano ionekane, basi. Kuvuta kuwe na njia yake na kugonga kuwe na njia yake. Ile mikono yenye viwiko ukiivuta kwa nguvu itanyooka, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kuchomelea nitapita haraka, mmekaa darasani kuliko mimi. Rodi za 6013, za milimita 2.5 kwa pleti ya 4, na za 3.2 kwenye mikono. Zitunzeni kwenye kopo lenye kifuniko. Hapa pwani hewa ina unyevu, rodi iliyolala wazi wiki nzima inatema cheche na kuacha mshono wenye matundu kama andazi. Shikiza kwanza kwa doti, yaani vimishono vidogo vya kushikilia tu, bampa likiwa limekaa kwenye gari, juu ya jeki na matofali, ili likae mahali pake. Kabla ya doti hata moja, chomoa waya hasi wa betri, na bana waya wa ardhi karibu na unapochomelea, juu ya bampa lenyewe. Ukiubana mbele kwenye injini, umeme utatafuta njia yake kupitia beringi na vifaa vingine, na hautakuomba ruhusa. Tangi la mafuta liko wapi? Mpira wa breki uko wapi? Viangalie kabla, siyo baada ya kunusa. Doti zikishika, fungua bampa, lilete mezani, umalizie huko mbali na gari. Chomelea vipande vya sentimita 4 au 5, hapa kisha kule, kushoto kisha kulia, maana chuma kikipoa hujivuta. Ukienda mwendo mmoja kutoka ncha hadi ncha, utapata bampa lenye umbo la ndizi.

Na hii nitaisema polepole kwa sababu imewalaza wengi. Bomba la maji lenye rangi ya fedha, lililopakwa zinki, usilichomelee kabla ya kuisaga zinki yote pale moto utakapopita. Ule moshi mweupe, jioni utakupa baridi, homa, viungo kuuma. Utakwenda kupimwa malaria, hutakutwa na malaria. Keshokutwa umepona, unarudi kuchomelea bomba jingine. Maziwa hayazuii. Najua mafundi tunakunywa maziwa, nami nayapenda, lakini moshi unaingia kwenye mapafu na maziwa yanakwenda tumboni.

Kutu. Sisi tunaishi na chumvi. Iko hewani, iko kwenye magunia yanayotoka mashamba ya chumvi, na kwa wanaobeba samaki iko kwenye maji ya barafu. Barafu ya samaki ikiyeyuka inapita chini ya mlango wa bodi na kudondokea wapi? Kwenye bampa, kila siku, sehemu ile ile. Ndiyo maana la kiwandani la gari langu lilioza katikati na pembeni likabaki zima. Kwa hiyo toboa matundu ya milimita 10 sehemu ya chini kabisa ya kila mkunjo, maji yasituame. Paka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, ndani kabla hujapaziba, maana baada ya hapo brashi haifiki. Nje piga msasa, redoksaidi mara 2, halafu rangi. Kila mwezi mwagia maji baridi kwa chini. Ni ndoo mbili tu.

Taa, rifleksa na kibao cha namba vionekane vyote, pamoja na kile kitaa kidogo kinachomulika namba usiku. Hapo sina la kuongeza, askari wa barabarani ataongeza.

Nikawaachia nafasi ya maswali. Kijana mmoja akaniuliza kama anaweza kutumia reli ya treni, maana kuna mtu anayo kipande. Nikamwambia reli ni nzuri sana kwa kugongea vyuma, aiweke mezani awe na fuawe.

Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma kabisa akasimama. "Fundi shikamoo. Ulisema mtu atauliza kwa nini bampa usilipandishe lote. Mimi ndiye nauliza. Baba yangu ana Fuso, na nyuma yake hamna kitu, ni taa tu zinaning'inia."

Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri wewe.

Tumezungumza muda wote kana kwamba bampa ni la gari letu. Nusu yake ni la mtu aliye nyuma yetu. Mwaka 1967, usiku wa tarehe 29 Juni, huko Louisiana nchini Marekani, gari dogo liliingia chini ya tela la lori. Ndani alikuwamo mwigizaji maarufu Jayne Mansfield, akafa yeye na watu wazima wawili waliokaa naye mbele. Watoto watatu waliokuwa kiti cha nyuma walipona. Gari dogo limetengenezwa ligongwe kwenye bampa lake na boneti lake, ndiko kuliko na sehemu za kukunja. Likiingia chini ya bodi ya lori, kinachogongwa kwanza ni kioo, na nyuma ya kioo ni kichwa cha mtu. Baada ya ajali ile Wamarekani wakakiita kile chuma kinachoning'inia nyuma ya tela kwa jina la mama yule. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayohusu chuma hicho ni namba 58, nayo kwa miaka mingi iliweka kwamba ukingo wake wa chini, gari likiwa tupu, usizidi sentimita 55 kutoka ardhini.

Sasa piga picha hapa kwetu, msimu wa korosho. Malori yamepanga mstari pembeni ya barabara usiku, hayana taa, na bodaboda anakuja na abiria wawili. Fuso la baba yako, chukua futikamba ukapime leo jioni. Kutoka ardhini hadi chuma cha kwanza ni sentimita ngapi? Kama unaweza kuingia chini bila kuinamisha kichwa sana, basi na pikipiki inaingia. Hapo ndipo ninapokubali chuma kizito: bomba la mraba la milimita 100, linalofika karibu upana wote wa bodi, na mihimili miwili ya kulishikilia iliyofungwa kwa boliti kwenye chesisi, tena mihimili yenye mshazari wa kurudi mbele ili isipinde kirahisi kuelekea chini ya lori. Lori halina shida na kilo 60. Na stika za kuakisi mwanga, nyekundu na nyeupe, upana wote.

Pikapu yangu nayo, ndiyo maana katikati naliacha bampa chini na pembeni nalipandisha. Korongoni zinazopanda na kugusa ni zile kona mbili nyuma ya matairi. Barabarani anayenigonga mara nyingi ananijia katikati. Kuna magari ya fahari mtaani mnayaona, yamenyanyuliwa, bampa liko kwenye kifua cha mtu mzima. Mwenyewe anajiona yuko salama. Aliye nyuma yake kwenye Vitz ndiye asiye salama.

Baba yako akisema gharama, mwambie aje, tutatafuta bomba la mraba kwenye chuma chakavu kama nilivyofanya mimi, ila safari hii tutachagua.

Mzee mmoja wa kiti cha mbele akanyanyua mkono, wa mwisho. Akataka kujua lile bampa la kwanza liko wapi, lililoushinda mnazi.

Nililikata kwa grenda kutwa nzima, mzee wangu, diski 4. Bomba la inchi 3 nimelifanya mguu wa meza ninayochomelea. Ile pleti ya milimita 6 nilimpelekea mama mkwe Chikongola, imelala juu ya mfereji mbele ya nyumba yake. Malori ya mchanga yanapita juu yake kila siku na haijapinda.